Ukianguka Dukani Kihesa: Kudai, Kupatana au Kuacha

Maduka mengi ya Kihesa, kama ya Mlandege, ni fremu zilizopangwa kando ya barabara, milango ikitazama mtaro. Mteja anavuka ubao au kipande cha zege, anapanda ngazi mbili tatu, kisha anakanyaga marumaru. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua za Iringa zinapokolea, tope jekundu la njiani huingia na viatu vya wateja na sakafu ikawa utelezi mtupu. Ndani, ndoo zimepandishwa moja juu ya nyingine hadi karibu na dari, mifuko ya saruji imerundikwa, nondo zimeegemezwa ukutani, waya wa umeme umening'inizwa juu ya mlango. Watu huumia humo. Mmoja anateguka kifundo, mwingine anaangukiwa na mzigo, mtoto anachomwa na kitu kilichoachwa chini. Hufuata pole nyingi, maji ya kunawa na bodaboda ya kumkimbiza majeruhi hospitali. Jioni, nyumbani, familia inajiuliza: tudai au tuache?

Swali hilo huharibika kwa sababu tunaliuliza kana kwamba lina majibu mawili tu, mahakamani au kimya. Anayeogopa mahakama huchagua kimya, akijiambia ni uungwana. Mwenye hasira hutishia mahakama, halafu anapojua gharama hunyamaza naye. Kati ya hayo mawili kuna njia ndefu, na hatua zake za mwanzo hazimlazimishi mtu kumshtaki yeyote. Nina imani kwamba haki nyingi za watu walioumia madukani hupotea ndani ya wiki ya kwanza, kabla hakimu hajasikia lolote, kwa sababu hakuna aliyeandika, aliyepiga picha wala aliyetunza risiti.

Tuanze na sheria. Tanzania Bara haina sheria ya Bunge iliyotungwa mahususi kueleza wajibu wa mwenye duka kwa anayeingia dukani mwake. Kenya wanayo, Sura ya 34 ya sheria zao, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1957. Sisi tunategemea kanuni za zamani za mahakama za Kiingereza, zilizoingia nchini kupitia sheria inayotaja tarehe ya ukomo wa mapokeo hayo: Julai 22, 1920. Kwa hiyo mabadiliko ambayo Waingereza walijifanyia mwaka 1957 hayatufungi, na tumebaki na kanuni iliyowekwa mwaka 1866 katika shauri la Indermaur na Dames, la fundi wa gesi aliyetumbukia kwenye tundu lisilo na uzio ndani ya kiwanda cha sukari. Mahakama ilisema kwamba anayeingia mahali kwa shughuli yenye faida kwa mwenye mahali hapo anastahili kulindwa, kwa uangalifu wa kadiri, dhidi ya hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye mahali anaijua au alipaswa kuijua.

Mteja wa Kihesa anaangukia hapo, hata kama alikuja kuuliza bei ya bati tu. Aliyesimama barazani kujikinga mvua bila nia ya kununua ana ulinzi hafifu zaidi: mwenye duka anatakiwa asimwachie hatari iliyofichika ambayo yeye mwenyewe anaijua. Ninaona tofauti hiyo imepitwa na wakati. Mfupa wa mnunuzi na wa mpita njia huvunjika sawasawa, na Bunge letu lingefanya jambo jema kutunga sheria fupi inayowapa wote kipimo kimoja. Lakini mpaka itungwe, majeruhi ataulizwa: ulikwenda pale kufanya nini?

Ugumu mkubwa uko kwenye maneno yale, hatari isiyo ya kawaida. Mwenye duka atasema tope wakati wa mvua linajulikana na kila mkazi wa Iringa, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini tope la njiani si sawa na marumaru iliyotoka kudekiwa kwa sabuni saa nne asubuhi, wateja wakiingia, bila tambara mlangoni wala mtu wa kuwaonya. Vilevile ngazi yenye mwinuko ni kitu cha kawaida katika mji uliojengwa vilimani, ila zege la mtaro lililovunjika tangu mwezi jana, mwenye fremu akilivuka kila siku, ni hatari anayoijua vizuri kuliko mgeni yeyote. Anayetaka kujua kama ana madai ajiulize hapo kwanza: je, kilichoniumiza ni kitu ambacho mwenye duka angeweza kukiona na kukiondoa kwa juhudi ndogo? Kama jibu ni hapana, madai yake ni dhaifu hata kama maumivu ni makali. Kuumia ndani ya duka la mtu, peke yake, hakumfanyi mtu huyo kuwa mdaiwa.

Kuna nafuu kidogo katika kuthibitisha. Sheria yetu ya Ushahidi inamtaka anayedai athibitishe, kwa kipimo cha madai: kwamba anachosema kina uwezekano mkubwa zaidi kuliko cha mwenzake. Hata hivyo mahakama za Kiingereza, ambazo hukumu zake za baada ya 1920 huwashawishi majaji wetu bila kuwafunga, zimeona kwamba mambo mengine hujieleza yenyewe. Mwaka 1863 pipa la unga lilimdondokea mpita njia kutoka ghala la Liverpool, na mahakama ikasema mapipa hayadondoki tu, mwenye ghala aeleze. Mwaka 1976 mama aliyeteleza kwenye mtindi uliomwagika katika duka la Tesco alishinda kwa hoja ya jamii hiyo: wenye duka ndio waliojua sakafu yao husafishwa namna gani na saa ngapi. Ndoo zikimporomokea mteja wa Kihesa akiwa amesimama tu akisubiri chenji, hoja hiyo ni yake pia. Kama yeye ndiye aliyevuta ndoo ya chini, hadithi inabadilika.

Inabadilika, lakini haiishi. Wengi huacha kudai kwa sababu wanajua walikuwa na haraka, au walikuwa wakiongea na simu huku wakipanda ngazi. Sheria ya Sura ya 310, inayoshughulikia pia madai ya ajali zenye vifo, inairuhusu mahakama kugawa lawama. Tuseme mama anayeuza mboga alivunjika kifundo kwenye ngazi ya duka iliyobomoka. Matibabu na nauli vimemgharimu shilingi 260,000, na siku 36 za kutofanya kazi, kwa faida ya 15,000 kwa siku, ni 540,000. Jumla ni 800,000. Mahakama ikiona robo ya kosa ni lake, hupata 600,000, pamoja na kiasi ambacho hakimu atakadiria kwa maumivu. Kosa la majeruhi hupunguza fidia, mara chache hulifuta dai lote.

Hesabu hiyo inatupeleka kwenye karatasi, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo mambo yanapoamuliwa. Mahakama ya Rufani katika shauri la Zuberi Augustino na Anicet Mugabe, lililoripotiwa mwaka 1992, ilisisitiza kwamba fidia mahususi, yaani fedha uliyokwisha kuitumia au kuipoteza, lazima itajwe waziwazi na kuthibitishwa. Hakimu hakisii nauli yako. Kila risiti ya dawa, ya picha ya mionzi, ya bodaboda kama dereva atakubali kuiandika, ina thamani yake. Mama yule wa mboga anahitaji daftari la mauzo, na kama hana, anahitaji mtu anayemuuzia mboga kwa jumla aje aeleze alikuwa akichukua mzigo kiasi gani. Ujumbe wa malipo kwenye simu ni ushahidi pia, na picha za simu vilevile, kwani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama inapokea ushahidi wa aina hiyo ikiridhika kwamba haujachezewa.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya siku ile ina kazi tatu kwa wakati mmoja. Inaonyesha ulikuwa mteja, inaonyesha tarehe na saa, na ina jina na namba ya utambulisho (TIN) ya mlipakodi. Hilo la mwisho watu hulisahau. Jina lililoandikwa kwa rangi juu ya mlango mara nyingi ni jina la biashara tu, wala si mtu. Unahitaji kujua nani yuko nyuma yake.

Ipo pia PF3, fomu ya polisi ambayo hospitali nyingi huitaka kabla ya kumtibu mtu mwenye majeraha. Wengine wanaikwepa kwa kudhani kwamba kuichukua ni kumshtaki mwenye duka. Sivyo. Ni maelezo ya namna ulivyoumia, na daktari anajaza alichokiona. Kwa kuwa inaandikwa siku ileile, mbele ya watu wasio na upande, ina uzito kuliko simulizi ya miezi minane baadaye. Polisi wenyewe hawaamui fidia ya ajali kama hii, na anayewatumia kumtisha mwenye duka ili alipe anajiingiza kwenye matatizo mapya.

Sasa ni nani wa kudaiwa? Katika fremu za kupanga, aliye ndani ni mpangaji, na mwenye nyumba pengine anaishi Dar es Salaam. Swali la kisheria ni nani alikuwa na mamlaka juu ya kitu kilichokuumiza. Mzigo ulioporomoka ni wa mpangaji. Ngazi za pamoja za fremu sita, au dari iliyooza, kwa kawaida ni za mwenye nyumba. Ukitilia shaka, waandikie wote wawili barua na waache wasukumane wao kwa wao.

Ukiumia ndani ya soko au jengo la Halmashauri, mambo yanakuwa mazito zaidi, na watu wachache wanalijua hili. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kesi dhidi ya serikali za mitaa zinafuata utaratibu wa kesi dhidi ya Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuunganishwa, na shauri kufunguliwa Mahakama Kuu. Iringa ina Mahakama Kuu, kwa hiyo safari si ndefu, lakini kwa dai la shilingi laki nane mlango huo ni mkubwa kupita kiasi. Mama aliyeteleza kwenye sakafu ya soko la umma amewekewa kizingiti ambacho jirani yake aliyeteleza kwenye fremu ya mtu binafsi, hatua hamsini pembeni, hana. Naliona jambo hilo kuwa la kusikitisha, na madiwani wa mji wetu wangepaswa kulisemea.

Kwa muuzaji aliyeajiriwa njia ni tofauti na, kwa maoni yangu, nyepesi zaidi. Vijana wengi wanaouza katika maduka yetu huumia wakibeba mifuko au wakipanda ngazi za mbao kushusha bidhaa, na wao hudhani kwamba bosi akiwapeleka hospitali basi wamemaliza. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015, na mfanyakazi anayeumia kazini hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Anahitaji tukio litolewe taarifa mapema. Bosi ambaye hajajiandikisha ndiye mwenye sababu ya kutaka jambo liishe kimyakimya, na hapo ndipo kijana anapohitaji mzazi au mwenyekiti wa mtaa asimame naye.

Nimeacha kwa makusudi suala ambalo ndilo huamua mambo mengi Kihesa: ujirani. Mwenye duka ni mnyalukolo, ndugu yetu, au ameoa kwetu, au ndiye anayetuandikia kwenye daftari la mkopo mwezi unapokuwa mrefu. Alituchangia kwenye msiba. Kumpelekea barua ya madai kunaonekana kama kuvunja undugu. Hofu hiyo siidharau. Katika mtaa ambao watu hawana bima wala akiba, daftari la mkopo la dukani ni sehemu ya maisha, na familia inaweza kupoteza kwa ugomvi zaidi ya ambacho ingepata kwa fidia. Lakini nimeona ukimya nao ukiua ujirani taratibu. Majeruhi anachechemea, anapita upande wa pili wa barabara asikutane na mwenye duka, watoto wanakatazwa kununua pale. Mwenye duka kwa upande wake anadhani yameisha, na zege lake la mtaro linabaki limevunjika.

Njia iliyo karibu zaidi ni kikao, nyumbani au kwa mwenyekiti wa mtaa, kila upande na mtu mzima wake. Baraza la kata nalo lipo kwa ajili ya kupatanisha. Kikao cha namna hii hufaulu pale majeruhi anapokuja na orodha ya gharama badala ya lawama. Makubaliano yaandikwe: nani atalipa, kiasi gani, kwa awamu zipi, tarehe zipi, na mashahidi watie sahihi. Karatasi hiyo ina nguvu ambayo wengi hawaitambui. Dai la uzembe halina nafasi yake katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mambo ya mila, sheria ya Kiislamu, na madeni ya aina fulani, bali huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Lakini mwenye duka akishaahidi kwa maandishi kulipa kiasi fulani na asilipe, umepata deni linalotokana na mkataba, na Mahakama ya Mwanzo inaweza kulisikiliza hadi shilingi milioni 30. Tena ukomo wa madai ya mkataba ni miaka sita, wakati wa madai ya uzembe ni mitatu tu. Kwa maana hiyo kikao kilichoandikwa vizuri huwa hatua ya kisheria iliyo imara kuliko vitisho vyote vya wakili.

Hatari ya kikao ni kumaliza mapema. Mwenye duka mwenye moyo mzuri huja siku ya tatu na sukari, mchele na shilingi laki moja, na karatasi inayosema majeruhi hatadai tena. Familia inatia sahihi kwa sababu laki moja inahitajika leo. Wiki ya sita daktari anasema mfupa umeunga vibaya. Makubaliano yaliyofanywa kwa hiari yanafunga, na kuyavunja ni kazi ngumu kuliko kesi yenyewe.

Mahakamani kukoje, basi? Kuna mambo yaliyorahisishwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, na mtu anayejitetea mwenyewe anaweza kufuata kinachosemwa juu ya mguu wake. Usuluhishi ni sehemu ya mashauri ya madai tangu 1994, na mengi huishia hapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hawalipishi na wanaweza kueleza sheria na kukuelekeza pa kwenda, ingawa hawasimami mahakamani kwa niaba yako. Iringa ina vyuo viwili vinavyofundisha sheria, Ruaha Catholic University na University of Iringa, kwa hiyo si mji usio na watu wa kuuliza. Ugumu ni muda, ada za wakili, na ukweli kwamba anayeshindwa huweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake. Halafu kuna kukazia hukumu. Duka dogo linaweza kuwa na bidhaa za mkopo na fremu ya kupanga, na vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi haviguswi. Hukumu ya milioni tano dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi ya milioni tano.

Bima ingetatua sehemu kubwa ya tatizo hili. Gari likikugonga barabarani, sheria imemlazimisha mwenye gari kuwa na bima kwa ajili yako. Mwenye duka dogo mara nyingi hana bima ya namna hiyo kwa ajili ya mteja anayeteleza kwake. Hata hivyo inafaa kuuliza, hasa kwenye maduka makubwa na vituo vya mafuta. Mwenye duka aliyekata bima ya dhima kwa umma hana sababu ya kugombana na jirani yake, kwani anayelipa ni kampuni.

Kifo kinabadilisha kila kitu. Jengo la maduka lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20, nchi nzima iliona kwamba duka linaweza kuwa mahali pa kufia. Sura ya 310 inawaruhusu mke au mume, watoto na wazazi wa marehemu kudai walichopoteza, pamoja na gharama za mazishi. Katika msiba hakuna anayetaka kusikia habari za fedha, na ni sawa. Lakini baada ya arobaini, familia yenye watoto wa shule isione haya kuuliza.

Nikiulizwa mpaka uko wapi, nasema hivi. Mchubuko, mguu ulioteguka na kupona ndani ya wiki mbili, kosa lililo la majeruhi kwa sehemu kubwa: apokee gharama za dawa, amwambie mwenye duka arekebishe kilichomuumiza, aendelee na maisha. Mfupa, jicho, moto, kichwa, au mtoto: adai, kwa kikao kwanza, na kwa mahakama kikao kikishindikana. Kwa mtoto miaka mitatu huanza kuhesabiwa atakapotimiza 18, lakini mashahidi hawangoji. Na pale ambapo watu wengine waliwahi kuanguka palepale, mwenye duka akaambiwa na asifanye kitu, hata aliyeumia kidogo aandike barua, kwa kuwa barua hiyo ndiyo itakayoonyesha, atakapoanguka mwingine vibaya, kwamba hatari ilijulikana.

Aliyevunjika mfupa asiketi kumaliza shauri kabla daktari hajasema mguu utabaki na hali gani. Siku atakapoletewa nauli na fedha ya dawa, azipokee, ashukuru, na waandike kwamba hayo ni malipo ya sehemu, mazungumzo yataendelea matibabu yatakapokwisha.